HAKI WODINI: KUWAFUNDISHA MADAKTARI VIJANA KUTIBU KWA KUJALI GHARAMA

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za afya za parokia



1. Utangulizi

Nimeombwa na Tume yetu ya Haki na Amani nizungumze nanyi juu ya mafunzo ya madaktari vijana, na hasa juu ya sehemu moja ya mafunzo hayo ambayo mara nyingi husahauliwa: kumfundisha daktari atibu vizuri huku akijua kila analoliandika linagharimu kiasi gani, na ni nani atakayelipa. Huenda mtu akajiuliza, jambo hilo linawahusu nini waamini wa kawaida? Je, si kazi ya maprofesa na ya wizara? Napenda kulijibu swali hilo mapema.

Kalamu ya daktari ina tabia yake ya pekee. Mmoja huandika na mwingine hulipa, tena bila kupatana bei, na bila kujua kama kilichoandikwa kilikuwa cha lazima. Mkulima akienda dukani kununua jembe huligeuzageuza, huuliza bei, na akiliona ghali hujiendea zake. Mgonjwa hana nafasi hiyo. Amelala, ana homa, ndugu zake wameshikwa na hofu. Wakipewa karatasi huipeleka dirishani, na fedha zisipotosha hurudi nyumbani kuuza mbuzi, gunia la mahindi, au kipande cha shamba. Kwa hiyo yule anayeandika amekabidhiwa dhamana juu ya mali ya watu wasioweza kubisha. Dhamana hiyo ni suala la haki kabla haijawa suala la uhasibu.

Mwinjili Marko anatueleza habari za mama aliyeugua kwa miaka kumi na miwili, ambaye waganga walikuwa wamekwisha kummalizia mali bila kumponya. Mwinjili hakuona aibu kutaja fedha katika habari ya uponyaji. Nasi tusione aibu.

2. Tulifikaje hapa tulipo

Baada ya uhuru, serikali za Afrika Mashariki zilijitahidi kutoa matibabu bila malipo. Tanzania iliushikilia msimamo huo kwa nguvu zaidi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika miaka ya 1980 uchumi ulidhoofika, dawa zikaadimika, na mashirika ya fedha ya kimataifa yakashauri kwamba wananchi wachangie gharama za huduma. Kenya ilianza kutoza ada katika hospitali za serikali mwezi Desemba 1989. Tanzania ilianza utaratibu wa kuchangia gharama mwaka 1993, ikianzia katika hospitali kubwa. Uganda iliziondoa ada katika vituo vya serikali mwaka 2001. Hospitali za makanisa, kwa upande wao, zilikuwa zikitoza ada ndogo tangu zamani, na misaada ya kutoka ng'ambo ilipopungua zililazimika kuzitegemea ada hizo zaidi.

Sera ya Tanzania inawasamehe malipo wajawazito, watoto wenye umri chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza na watu wasio na uwezo kabisa. Lakini baina ya msamaha ulioandikwa na dirisha la dawa kuna mwendo mrefu. Dawa ikikosekana hospitalini, mwenye msamaha hutumwa kuinunua mtaani kama wengine wote.

Bima imeleta nafuu kwa wengi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hata hivyo tusijidanganye: bima haiifuti gharama, bali huigawanya. Kipimo kisichokuwa cha lazima kikilipwa na mfuko, wanaokilipa ni wanachama wote, na mfuko ukitoboka, wa kwanza kuumia ni maskini.

Deni la hospitali laweza kumfikisha mtu mahali pabaya. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya akina mama waliozuiliwa katika hospitali ya umma baada ya kujifungua kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipa. Mahakama ilisema kuwa kuwazuia vile kulivunja haki zao za kikatiba. Tunaposikia habari kama hiyo huwalaumu wahasibu na walinzi wa lango. Ni sawa kuwauliza. Lakini deni lile halikuzaliwa langoni. Katika hospitali yoyote, deni huanza kuandikwa mstari kwa mstari wodini, na kila mstari uliandikwa na mkono wa mtu. Hapo ndipo napenda tuangalie leo.

3. Daktari mtarajali na hofu yake

Nchini Tanzania mwanafunzi husomea udaktari chuoni kwa miaka mitano, kisha hufanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya usimamizi. Nchini Kenya husoma miaka sita, halafu mwaka mmoja wa kazi. Katika mwaka huo yeye ni daktari mtarajali. Ndiye anayempokea mgonjwa usiku wa manane, anayejaza fomu za maabara, anayeandika dawa kwenye faili. Daktari bingwa hupita asubuhi. Mtarajali yupo mchana na usiku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama za wodi hupita katika mkono wa kijana huyu, ambaye huenda hajawahi kuiona orodha ya bei ya hospitali yake.

Kwa nini huandika vipimo vingi kuliko inavyohitajika? Si kwa ubaya wa moyo. Kwa miaka mingi ya kufundisha nimeziona sababu nne.

Ya kwanza ni hofu. Asubuhi, wakati wa raundi, bingwa husimama kando ya kitanda na kuuliza: kipimo fulani kiko wapi? Kama hakipo, kijana huaibishwa mbele ya wenzake na mbele ya wauguzi. Lakini ni mara chache sana kusikia bingwa akiuliza: kipimo hiki ulikiagiza kwa sababu gani? Kijana ni mwepesi wa kujifunza. Hugundua kwamba asiyeagiza huadhibiwa, na aliyeagiza bure hapati lawama. Basi huagiza vyote.

Ya pili ni kutokujua bei. Chuoni alifundishwa kipimo kinapima nini. Hakufundishwa kinagharimu siku ngapi za kibarua.

Ya tatu ni mazoea. Katika wodi nyingi kila anayelazwa hufanyiwa mlolongo ule ule wa vipimo, awe amevunjika mguu au ana kichomi. Mlolongo huo huitwa wa kawaida, na neno "kawaida" huondoa haja ya kufikiri.

Ya nne ni uchovu. Kumsikiliza mgonjwa vizuri, kumpapasa tumbo, kumsikiliza mapafu, kusoma karatasi alizokuja nazo kutoka zahanati, hayo yote huchukua nusu saa. Kujaza fomu ya maabara huchukua dakika moja. Mtarajali mwenye wagonjwa wengi huchagua dakika moja, na mgonjwa hulipia ile nusu saa iliyokosekana.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Daktari aliyelelewa katika hofu hiyo ataibeba mpaka siku atakapokuwa bingwa, naye atawalea wengine vivyo hivyo.

4. Matibabu mengi si lazima yawe matibabu bora

Watu wengi huamini kwamba kupunguza gharama ni kupunguza ubora. Imani hiyo inatokana na dukani, ambako kitu cha bei kubwa mara nyingi ni kizuri zaidi. Katika tiba mambo hayaendi hivyo daima. Nitatoa mifano mitatu iliyotoka katika nchi zetu.

Mfano wa kwanza ni malaria. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali. Damu yao ilipopimwa kwa uangalifu, vijidudu vya malaria vilionekana kwa 2,062 tu, yaani asilimia 46. Waliobaki walikuwa na maradhi mengine, na kati yao walikufa wengi zaidi kwa kadiri: takribani 12 katika kila 100, wakati wale wenye malaria ya kweli walikufa takribani 7 katika kila 100. Wengi katika wale wasiokuwa na malaria walistahili kupewa dawa za kuua bakteria, na theluthi moja hivi hawakupewa. Hapa kosa halikuwa kutumia fedha nyingi, bali kuzitumia mahali pasipo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na leo kipimo cha haraka kinapatikana hata katika zahanati. Kipimo hicho ni cha bei ndogo, nacho huokoa dawa na pia huokoa uhai.

Mfano wa pili ni dripu. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania na Uganda kwa watoto 3,141 waliofika hospitalini na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Baadhi yao walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, kama vitabu vilivyoelekeza. Wengine hawakupewa maji hayo ya haraka, ila walipata huduma nyingine zote. Katika saa 48 za kwanza, waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi ya 10 katika kila 100. Wasiopewa walikufa 7 katika kila 100. Nasisitiza kwamba utafiti huo haukuwahusu watoto waliokaushwa na kuhara. Hao wanahitaji maji, na mara nyingi maji ya chumvi na sukari ya pakiti yanatosha. Lakini fundisho liko wazi. Kitu ambacho wazazi wengi hukihesabu kuwa ndiyo matibabu yenyewe, na ambacho hununuliwa kwa fedha, kiliwadhuru wale watoto.

Mfano wa tatu mnaufahamu nyote. Ni nani hapa hajawahi kwenda kituoni na homa, akaambiwa ana taifodi? Kipimo kinachotumika mara nyingi ni kile cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Katika nchi ambamo taifodi ni ya kawaida, damu ya mtu mzima kabisa yaweza kutoa jibu la ndiyo, kwa sababu aliwahi kukutana na vijidudu hivyo zamani. Kipimo kimoja peke yake hakithibitishi ugonjwa. Hata hivyo watu hulipia kipimo, kisha hulipia sindano za siku kadhaa, na homa iliyowaleta huenda ilikuwa ya kitu kingine. Dawa zile zikitumika ovyo, vijidudu huzizoea, na siku dawa hiyo itakapohitajiwa kweli haitafanya kazi. Hiyo nayo ni gharama, na watoto wetu ndio watakaoilipa.

5. Hadhari: unafuu usigeuzwe kuwa dhuluma

Baada ya kusema hayo, hapana budi nitoe onyo. Neno "kubana matumizi" limewahi kutumiwa kuwanyima maskini. Kama mtarajali ataelewa kwamba kujali gharama ni kuwa na dawa nzuri kwa mwenye fedha na ushauri tu kwa asiyenazo, tutakuwa tumemfundisha dhambi mpya badala ya kumwondolea mazoea mabaya.

Kuna vitu visivyopunguzwa kwa kisingizio chochote. Mama anayetokwa na damu apewe damu. Mtoto anayeshindwa kupumua apewe oksijeni. Mwenye dalili za homa ya uti wa mgongo aanziwe dawa saa hiyo hiyo, na maneno ya malipo yafuate baadaye.

Na si kweli kwamba kilicho muhimu daima ni cha bei kubwa. Kifafa cha mimba kimewaua mama zetu wengi. Mwaka 2002 utafiti uliowahusisha wanawake 10,141 katika nchi 33 ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huipunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu kwa mama mwenye shinikizo la damu la mimba. Hospitali inayowatoza wagonjwa wote vipimo visivyo na maana, huku chupa za magnesiamu zimekwisha stoo, haina upungufu wa fedha tu. Ina upungufu wa busara na wa haki.

Kwa hiyo swali tunalotaka kijana ajifunze kuuliza si "nitumie kidogo kiasi gani?" Swali ni hili: "Je, fedha hii ya mgonjwa itamletea uzima?" Jibu likiwa ndiyo, daktari apiganie kitu hicho kipatikane, hata kama ni ghali na mgonjwa hana kitu. Jibu likiwa hapana, asikiandike, hata kama mgonjwa ni tajiri.

6. Namna ya kufundisha

Wenzetu wa nchi tajiri nao wamelitambua tatizo hili. Mwaka 2012 vyama kadhaa vya madaktari wa Marekani vilianza kutangaza orodha za mambo matano matano ambayo daktari na mgonjwa wanapaswa kuyahoji kabla ya kuyafanya, na somo la gharama likaandaliwa kwa madaktari walio mafunzoni. Kwao mlipaji mkuu mara nyingi ni kampuni ya bima au serikali. Kwetu, mara nyingi mlipaji ni shangazi aliyesimama dirishani na fedha zilizofungwa katika pindo la kanga. Tunayo sababu kubwa kuliko wao ya kufundisha jambo hili. Na halihitaji majengo wala mashine. Nitaeleza njia tano.

Kwanza, bei zijulikane. Orodha ya bei za dawa na vipimo vinavyotumika zaidi ibandikwe kwenye meza ambapo mtarajali anaandika, siyo kwa mhasibu tu. Ajue pia kwamba dawa ile ile yenye jina la kitaalamu mara nyingi ni nafuu kuliko yenye jina la kibiashara, na kwamba mgonjwa anayeweza kumeza mara nyingi hahitaji kuendelea na sindano.

Pili, maswali matatu yaulizwe katika kila raundi, kwa sauti, kabla ya kuagiza chochote. Tunatafuta nini? Jibu likija, tutabadili nini katika matibabu? Je, kipo kipimo kama hicho ambacho kimekwisha kufanywa? Swali la mwisho lina uzito hasa kwa wagonjwa wa rufaa. Mara nyingi mgonjwa hutoka hospitali ya wilaya na bahasha ya majibu, na akifika hospitali kubwa bahasha huwekwa kando na vipimo vyote huanza upya, kana kwamba damu yake ilibadilika njiani.

Tatu, ankara isomwe. Mara moja kwa wiki ichukuliwe ankara ya mgonjwa aliyeruhusiwa, jina lake lifunikwe, na watarajali, muuguzi, mfamasia, mhasibu na afisa ustawi wa jamii wakae pamoja kuipitia mstari kwa mstari. Hiki kilisaidia nini? Siku hizi mbili za kitanda zilikuwa za matibabu, au za kumsubiri bingwa arudi Jumatatu? Nimewaona vijana wakinyamaza kimya walipoona kwa mara ya kwanza jumla ya walichoandika. Ukimya ule hufundisha kuliko hotuba.

Nne, mwalimu abadili sifa na lawama. Kijana akisema, "Sikuagiza eksirei kwa sababu nilimpima vizuri na nitamtazama tena jioni," asifiwe mbele ya wenzake kama anavyosifiwa aliyegundua ugonjwa wa nadra. Na mwalimu mwenyewe ajizoeze kusema wazi, "Sina hakika, tusubiri hadi kesho tumpime tena kwa mikono yetu." Mwanafunzi asiyewahi kumsikia mwalimu akisema hivyo atadhani kila mashaka hutibiwa kwa fomu ya maabara.

Tano, mtarajali afundishwe kuzungumza na mgonjwa juu ya fedha kabla ya gharama kuingia, kwa adabu na kwa siri. Aulize: mama, nani anakusaidia matibabu? Unayo bima? Nyumbani mmebaki na nini? Akiona hali ni ngumu ampeleke ofisi ya ustawi wa jamii siku ile ya kulazwa, asingoje siku ya kuruhusiwa. Na somo hili litahiniwe katika mitihani ya mwisho, kwa maana wanafunzi huheshimu kile kinachoulizwa kwenye mtihani.

7. Hospitali zetu wenyewe

Kanisa haliwezi kuzungumza jambo hili kama mtazamaji. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu mwaka 1985 imeendeshwa chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki kwa makubaliano na serikali. Chuo chake cha udaktari kilianza mwaka 2003. Ndugu zetu wa makanisa mengine walifungua KCMC, Moshi, mwaka 1971, chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Hospitali kadhaa za majimbo yetu nazo hupokea watarajali na wanafunzi wa uuguzi. Basi malezi ya madaktari wa taifa hili kwa sehemu yako mikononi mwetu.

Hospitali ya Kanisa inayotegemea ada ina kishawishi ambacho hatuna budi kukitaja: kila kipimo huingiza fedha. Sikusudii kuwalaumu wasimamizi. Mishahara inapaswa kulipwa na umeme unapaswa kulipwa. Lakini bodi ya hospitali ikianza kumpima daktari kwa wingi wa vipimo alivyoagiza, au kumlipa zaidi kwa ajili hiyo, mafunzo yote niliyoyataja yatakuwa bure. Mtarajali atasikia somo moja darasani na kuona jingine wodini, na atalifuata lile aliloliona.

Tumkumbuke yule Msamaria ambaye jina lake tunapenda kulitia katika milango ya hospitali. Alimfunga majeruhi vidonda, kisha akampeleka katika nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili na ahadi ya kulipa litakalozidi. Alijua kwamba utunzaji una gharama, akaihesabu, wala hakumwachia majeruhi deni. Huruma yake ilikuwa na hesabu ndani yake.

8. Wajibu wetu sisi walei

Yapo mambo tunayoweza kuyaanza bila kusubiri mtu.

a) Tunapougua, tuache kumlazimisha daktari atupe dripu au sindano ili tuone kwamba tumetibiwa. Vijana wengi huandika kwa kuogopa manung'uniko yetu.

b) Tutunze karatasi zetu za matibabu, daftari la kliniki na majibu ya vipimo, na kwenda nazo kila tunapotumwa. Karatasi iliyotunzwa yaweza kuokoa bei ya mbuzi.

c) Tuulize kwa heshima: "Daktari, kipimo hiki kitatusaidia kujua nini?" Swali hilo si utovu wa adabu. Daktari aliyelelewa vizuri atalifurahia.

d) Wale walio katika bodi za hospitali na kamati za afya waulize mambo manne: orodha ya bei iko wapi? Watarajali wanafundishwa lini juu ya gharama? Wagonjwa wangapi mwezi huu walichelewa kuruhusiwa kwa sababu ya deni? Dawa zipi za kuokoa uhai zilikosekana?

e) Jumuiya zihimize kujiunga na bima, na parokia iwe na mfuko mdogo wa wagonjwa, wenye hesabu zinazosomwa hadharani.

9. Hitimisho

Ndugu wapendwa, daktari kijana huja wodini akiwa na akili nyingi, nguvu nyingi na hofu nyingi. Sisi, pamoja na walimu wake, ndio tutakaoamua hofu ile igeuke kuwa nini. Yaweza kugeuka kuwa mazoea ya kuandika bila kufikiri, ambayo huwafilisi watu polepole bila mtu yeyote kujiona mwizi. Au yaweza kugeuka kuwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba kila mstari anaouandika utasomwa dirishani na mtu mwenye njaa. Uangalifu huo hufundishika. Tuudai katika hospitali zetu, na tuwaombee wale wanaoufundisha.



Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika jumuiya yetu ipo familia iliyouza mali ili kulipia matibabu? Tuliisaidiaje?

2. Ni mara ngapi tumedai dripu, sindano au kipimo ambacho mganga hakukiona cha lazima? Kwa nini tulidai?

3. Nani anatuwakilisha katika bodi au kamati ya hospitali iliyo karibu nasi? Tungependa aulize nini katika kikao kijacho?

4. Parokia yetu inaweza kufanya nini mwaka huu ili mgonjwa maskini asizuiliwe hospitalini kwa ajili ya deni?